Sura ya Saba: Timu ya Kuazima

Msimu wa 2019/20 Ligi Kuu Tanzania Bara ilikuwa na timu 20. Mwanza walikuwa na Mbao na Alliance, Mbeya walikuwa na Mbeya City na Prisons, Mtwara walikuwa na Ndanda, na Lindi ndiyo kwanza walikuwa wamepandisha Namungo. Rukwa hawakuwa na timu. Kwa hiyo TFF ilipoipangia Sumbawanga fainali ya Kombe la Shirikisho, ichezwe Uwanja wa Nelson Mandela tarehe 2 Agosti 2020, watu wa Ufipa walipata fainali nyumbani kwao pasipo kuwa na timu ya kuingiza uwanjani.

Sidhani kama kuna aliyelalamika. Mkoa ulikuwa umezoea kusikia mpira kwenye redio na kuuona kwenye vibanda, na sasa mpira wenyewe ulikuwa unapanda uwandani kwa basi, kupitia Tunduma na Laela, kwenye lami ambayo miaka kumi tu kabla ya hapo ilikuwa vumbi na mashimo. Simba walikuwa bingwa wa nchi kwa msimu wa tatu mfululizo. Namungo walikuwa timu ya Ruangwa, wilaya iliyo upande wa pili kabisa wa Tanzania, safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ukipita Tunduru, Songea, Makambako na Mbeya. Wenye nauli na nafasi waliingia mjini tangu Jumamosi. Wengine walibaki vijijini na kutafuta kibanda umiza chenye king'amuzi kilicholipiwa.

Nataka kuzungumzia waliobaki, na hasa wa Mwazye, kwa sababu ninachokitafuta katika sura hii hakipatikani uwanjani. Uwanjani kelele zinafanana. Kibandani unaona nani anaumia, na anaumia kiasi gani.

Mwazye iko wilaya ya Kalambo, upande wa uwanda unaoelekea Zambia. Ni kijiji cha misheni ya zamani, iliyojengwa na Mapadre Weupe mwanzoni mwa karne ya 20, na mpaka leo Jumapili ya Mwazye inaanzia kanisani kabla ya kwenda kokote. Agosti ni mwezi wa baridi. Upepo hauna cha kuuzuia, maana miti ni michache na nyasi zimeshakauka. Mahindi yameshavunwa, maharage yamo kwenye magunia, na watu wana muda na wana hela kidogo. Kibanda chenyewe ni ukuta wa tofali za kuchoma, bati juu, mabenchi ya mbao na turubai jeusi dirishani ili mwanga usiingie kwenye skrini. Kiingilio ni shilingi mia tano. Watu wanakaa na makoti yao, wamebanana, na ule ubanano ndio moto wenyewe.

Mashabiki wa Namungo katika kibanda cha namna hiyo walikuwa wengi ajabu. Karibu nusu ya benchi walikuwa wao. Lakini walikuwa Namungo wa siku moja: walikuwa Yanga. Wiki tatu kabla ya hapo, tarehe 12 Julai, Simba waliwafunga Yanga mabao 4-1 katika nusu fainali ya kombe hilohilo, na jeraha lilikuwa bado bichi. Mwananchi wa Mwazye hakuwa na sababu nyingine yoyote ya kuipenda timu ya Ruangwa. Hajawahi kufika Lindi, na wachezaji hakuwajua kwa majina. Aliiazima Namungo kama silaha ya kumpigia mtani wake, naye mtani alilijua hilo, na mchezo wa kweli kibandani ukawa huo.

Simba walifunga kwanza kupitia Luis Miquissone, yule winga wa Msumbiji aliyekuwa akiwatesa mabeki wa nchi nzima mwaka ule. Nahodha John Bocco akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Upande wa waazimaji ukapoa. Wawili walitoka nje kuvuta sigara, na mmoja akarudi akiwa ameshaanza kuongelea usajili wa Yanga. Kisha kipindi cha pili Edward Manyama akairudishia Namungo bao moja. Jamaa mmoja wa makamo, mwenye kofia ya sufu na sweta la kijani, aliruka mpaka benchi likaanguka na watu wanne juu yake. Alipiga kelele, akamkumbatia jirani, akapiga ukuta kwa kiganja. Halafu akageuka na kuuliza, "Huyo aliyefunga ni nani?"

Hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliyejua, isipokuwa mmoja. Kwenye kona, karibu na mlango, alikaa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo aliyepangiwa kazi huku kutoka mkoa wa Lindi. Alisema jina zima, "Edward Manyama," bila kupandisha sauti, na macho yake hayakutoka kwenye skrini. Dakika thelathini zilizobaki alizitazama akiwa ameshika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili. Namungo walisukuma, Simba wakapoza mpira, muda ukaisha, 2-1. Simba wakachukua taji lao la tatu la msimu, baada ya Ngao ya Jamii na Ligi.

Kibanda kikalipuka kwa upande wa wekundu. Waazimaji wakasimama, wakajikung'uta vumbi la benchi. "Hao wenu wamebebwa," mmoja akasema, ila bila nguvu, kwa desturi tu. Wengine wakacheka na wenzao wa Simba, wakatoka pamoja, na hawakufika barabarani kabla ya mazungumzo kuhamia msimu ujao. Yule mwenye kofia ya sufu alisimama mbele ya mwalimu na kumwambia, "Pole, mwalimu." Akajibu, "Asante, kaka yangu. Tumefungwa, lakini tumecheza." Alikuwa na machozi, na hakuyaficha.

Nimelifikiria sana jambo hili, maana Watanzania tunasifiwa, na tunajisifu wenyewe, kwamba tunaupenda mpira kuliko karibu kila kitu. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya nchi inaupenda mpira wa mahali pengine. Mtu wa Mwazye, wa Kibondo, wa Tunduru, anazaliwa akikuta nyumba ni ya Simba au ya Yanga, klabu mbili za Kariakoo, na timu nyingine zote anazitumia kati ya hizo mbili. Anaposhinda, ushindi ni wa Dar es Salaam. Anapofungwa na timu ya kuazima, kipigo hakimpati kwa kina, kwa sababu hakina mwenyewe. Wengi wanaona hiyo ni faida: huumii. Mimi naona ni hasara kubwa, na nitasema kwa nini.

Tazama watu wa Ruangwa walipitia nini mwaka ule. Tarehe 8 Julai Simba walikwenda kwao, Uwanja wa Majaliwa, wakatoka sare ya 0-0, kisha wakakabidhiwa kombe la Ligi palepale, mbele ya wenyeji. Tarehe 24 Julai Rais mstaafu Benjamin Mkapa akafariki, na tarehe 29 akazikwa Lupaso, Masasi, jirani kabisa na Ruangwa, kusini yote ikiwa kwenye msiba. Siku nne baada ya mazishi ikaja Sumbawanga. Tarehe 30 Agosti wakakutana na Simba tena kwenye Ngao ya Jamii, Arusha, wakafungwa 2-0. Chini ya miezi miwili, Simba walinyanyua makombe matatu mbele ya macho ya timu moja ya wilayani, katika mikoa mitatu tofauti, na hakuna hata moja lililobaki Ruangwa. Shabiki wa kweli wa Namungo alibeba maumivu yote matatu. Hakuwa na mahali pa kuhamia.

Alichokipata kwa kuyabeba kinaonekana ukifuata hesabu. Kwa kuwa Simba walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa kama bingwa wa nchi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika iliangukia kwa aliyefungwa fainali. Timu iliyokuwa Ligi Kuu kwa msimu wake wa kwanza, ikamaliza nafasi ya nne chini ya kocha wa Kinyarwanda Hitimana Thierry, ikaanza kucheza Afrika. Iliwatoa Al Rabita wa Sudan Kusini. Iliwatoa Al Hilal Obeid wa Sudan kwa ushindi wa 2-0 nyumbani na sare ya 3-3 ugenini, wakati huo ikiwa mikononi mwa Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. Februari 2021 ikasafiri hadi Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, na mechi ikafutwa kwa mambo ya corona, baadhi ya msafara wakazuiwa kule. CAF ikaagiza mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Namungo wakashinda 6-2, wakafungwa 3-1, wakapita kwa 7-5. Kwenye makundi wakawakuta Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, wakapoteza mechi zote sita.

Mechi sita bila pointi. Mtu asiye na timu atasema hiyo ni aibu. Lakini kuna watu Ruangwa wanaozikumbuka mechi hizo moja moja, na watawasimulia wajukuu kwamba Raja, bingwa wa Afrika mara tatu, aliwahi kupangwa kundi moja na sisi. Mkulima wa Kifipa anajua kufukia nyasi chini ya tuta, akaziacha zioze, akapanda juu yake msimu unaofuata. Kipigo cha Sumbawanga kilifukiwa hivyo, na kilichoota juu yake kilionekana mpaka Casablanca.

Lakini si kila aliyefungwa fainali aliotesha kitu. Hapo ndipo huwa nasikia uchungu, maana nikitaja majina haya vijana wengi hawayakumbuki. Mwaka 2017 Mbao ya Mwanza ilifika fainali Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, ikafungwa na Simba 2-1 ndani ya dakika za nyongeza, bao la mwisho likiwa penalti ya Shiza Kichuya wakati watu wameshaanza kufikiria matuta. Mwaka 2018 Singida United walifungwa na Mtibwa Sugar 3-2 Arusha. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifungwa na Azam 1-0 Lindi, Uwanja wa Ilulu, bao la Obrey Chirwa. Fainali tatu, timu tatu za mikoani zilizofungwa. Na zote tatu, Mbao, Singida United na Lipuli, zilishuka daraja msimu mmoja, huohuo wa 2019/20. Namungo walipokuwa wakijiandaa kuingia Nelson Mandela, wenzao watatu waliowatangulia kwenye kiti cha mshindi wa pili walikuwa wameshaporomoka.

Sababu za kushuka ni nyingi, na kubwa ni fedha. Klabu ya mkoani inaishi kwa mdhamini mmoja au wawili, akiondoka mmoja mishahara inasimama na wachezaji wazuri wanaondoka dirisha linalofuata. Namungo wenyewe walikuwa na bahati ya mlezi mzito, Waziri Mkuu wa wakati ule Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wao. Sitaki kudai kwamba machozi ya mashabiki yanalipa mishahara. Ninachosema ni kwamba siku timu inapofungwa fainali ndiyo siku mji unaonyesha kama timu ni yake. Ule msafara wa kurudi nyumbani na kombe la mshindi wa pili, au bila kombe, ukipokelewa na watu barabarani, diwani, mfanyabiashara na mwenye basi wanaona kwamba hapa kuna kitu cha kushika. Ukipokelewa na watu wachache waliokwisha kuanza kubishana Simba na Yanga, wanaona kwamba kazi imeisha.

Wafaransa wana mfano wao. Mei 2000, Calais, klabu ya wachezaji wa ridhaa ya daraja la nne, iliingia fainali ya Kombe la Ufaransa dhidi ya Nantes. Ikaongoza. Ikafungwa 2-1, bao la pili la Antoine Sibierski likiwa penalti ya dakika za mwisho, kama ya Kichuya Dodoma. Wakati wa kupokea kombe, nahodha wa Nantes, Mickaël Landreau, alimshika mkono nahodha wa Calais, Réginald Becque, akapanda naye, na wakalinyanyua pamoja. Watu wa Calais walilia, na bado waliwapokea wachezaji wao kama mashujaa. Wale walikuwa majirani zao, watu wa kazi za kila siku waliofanya mazoezi jioni. Hakuna mtu wa Calais aliyehitaji kuuliza aliyefunga ni nani.

Sisi pia tunajua kupokea kipigo kikiwa chetu. Novemba 1993 Simba walitoka Abidjan na sare ya 0-0 katika fainali ya Kombe la CAF, wakarudi Dar es Salaam wakiwa mguu mmoja ndani, wakafungwa na Stella 2-0 mbele ya nchi nzima. Wazee wa Simba wakikuelezea siku ile leo, wanashusha sauti. Wanajua nani alikosa nafasi na dakika gani. Mwaka 2023 Yanga walifungwa na USM Alger 2-1 nyumbani, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini, na waliporudi walialikwa Ikulu na Rais Samia. Hapo wakubwa wetu walikuwa wadogo, na mashabiki wao waliwapenda zaidi kuliko siku za mabao matano dhidi ya timu ya wilayani. Mashabiki wa Simba na Yanga wa Mwazye walilia siku hizo kweli. Nisieleweke vibaya: mapenzi yao kwa Kariakoo si ya uongo. Yamerithiwa kwa baba na babu, yamepitia redio ya betri, na hakuna mtu mwenye haki ya kuyacheka. Ninachowaombea ni nyongeza.

Nyongeza hiyo karibu ije msimu uliofuata. Tanzania Prisons, timu ya Magereza ya Mbeya, walihamishia mechi zao za nyumbani Sumbawanga. Tarehe 22 Oktoba 2020, Alhamisi, siku sita kabla ya Uchaguzi Mkuu, Simba walirudi Nelson Mandela kucheza na Prisons. Walikuwa hawajafungwa kwenye Ligi msimu huo. Samson Mbangula akawafunga kwa kichwa mapema kipindi cha pili, na mechi ikaisha 1-0. Uwanja uleule, chini ya miezi mitatu, aliyenyanyua kombe Agosti akaondoka Oktoba kichwa chini.

Mkoani kulikuwa na furaha, na ilikuwa furaha ya ajabu kuitazama. Walioshangilia zaidi walikuwa Yanga. Mashabiki wa Simba wa Rukwa walinung'unikia nyasi za uwanja, baridi na mwamuzi, na walikuwepo hata waliorudisha yale maneno ya kichovu kuhusu Sumbawanga na ushirikina, maneno ambayo wenyeji wanayabeba kila mgeni anapopoteza kitu huku. Watu waliosema, "Timu yetu imemfunga Simba," walikuwa wachache. Prisons walikuwa wapangaji. Walijulikana kuwa ni wa Mbeya, na Mbeya walijua hivyo pia. Ungewauliza watu wa soko la Mandela majina matano ya wachezaji wa Prisons asubuhi ya Ijumaa ile, ungepata Mbangula, kisha kimya.

Kwa hiyo nirudi Mwazye, ila kwenye uwanja wa shule, wenye magoli ya miti na mteremko unaofanya kila timu igombee kushambulia upande wa chini kipindi cha pili, miguu ikiwa imechoka. Kila kiangazi baada ya mavuno vijiji vinashindana. Zawadi ni mbuzi, mwaka mzuri ni ng'ombe, na jezi seti moja anayotoa mgombea au mwenye duka la pembejeo. Kijiji kidogo kinakutana na kijiji kikubwa chenye vijana waliorudi likizo kutoka vyuoni, na kinafungwa, mara nyingi vibaya.

Hapo sijawahi kumwona mtu akiuliza aliyefunga ni nani. Golikipa aliyeachia mpira wa krosi anajulikana mama yake, na mama yake anakuwepo, pembeni ya mstari, na anamtetea. Wazee wanamshika mwamuzi wa kijiji cha jirani na kumweleza kwa upole na kwa kirefu makosa yake. Mashabiki wa Simba na Yanga wanalaumiana kwa pamoja, kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja. Mbuzi anaondoka na wenzao, na wanamtazama anavyoondoka. Kisha Jumatatu jioni kinaitishwa kikao nyuma ya ghala la mazao. Wanachanga mia tano mia tano za mpira mpya, maana ule wa zamani umetoboka, wanamwondoa beki wa kulia, wanamrudisha, wanamwondoa tena, na wanaandika barua kwa kijiji cha pili kuomba mechi ya marudiano Jumapili ya mwisho ya Septemba, kabla watu hawajaanza kuandaa mashamba.